Injini imeshushwa: pesa iende wapi kwanza?

Injini ya trekta ikishafunguliwa na vyuma vyake kutandazwa juu ya turubai, mwenye trekta hupewa karatasi moja yenye orodha ya spea na jumla chini yake. Hapo ndipo hasara huanza, kwa sababu jumla ile husomwa kama bei ya kitu kimoja. Mwenye trekta anaomba punguzo, fundi anakata hapa na pale mpaka jumla ilingane na pesa iliyopo, na vinavyokatwa ni vile ambavyo hakuna atakayeviona: beringi za kranki, bushi ya konrodi, sili ya nyuma. Vinavyobaki ni stata mpya, rejeta mpya na kopo la rangi nyekundu.

Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Kila spea ipangwe kwa kina cha mahali inapokaa. Ile ambayo kuifikia tena kunadai trekta ligawanywe katikati au sampu ya oili ishushwe, isibanwe bei hata kidogo. Ile inayofunguliwa kwa spana mbili jioni moja inaweza kusubiri, kukarabatiwa au kununuliwa mtumba. Mwenye pesa kidogo ndiye anayehitaji zaidi utaratibu huu, maana hana ya kufungulia injini mara ya pili.

Nachukua mfano wa Massey Ferguson 135, trekta lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi 1975, na ambalo bado linalima na kuvuta tela katika mashamba mengi ya Tanzania na Kenya. Injini yake ya dizeli ni Perkins AD3.152. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, yaani 3; zinazofuata ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani 152, ambazo ni lita 2.5. Nguvu yake ni kama farasi 45. Injini hiyohiyo iliwekwa pia kwenye MF 240, na injini za ukoo wake ziliendelea kutengenezwa Pakistan na India baada ya Coventry kuacha kutoa 135. Ndiyo maana trekta la mwaka 1968 bado linapata pistoni mpya dukani. Mwenye MF 290, lenye Perkins A4.248 ya silinda 4 na lita 4 hivi, afuate hoja zilezile akijua kwamba ataongeza pistoni moja na vyote vinavyoiandama.

Kwa matrekta mengine hesabu inaweza kugeuka kabisa. Mwenye Valmet ya zamani, zile zilizounganishwa Kibaha miaka ya 1980, au Fiat iliyobaki peke yake wilayani, aulize upatikanaji wa slivu na beringi kabla fundi hajagusa boliti ya kwanza. Injini nzuri isiyo na spea inakula pesa nyingi kuliko injini ya kawaida ambayo spea zake zipo kila mkoa.

Njia za kufuata kwa kawaida ni nne: kubadilisha ringi na gasketi tu, kufanya ovahauli kamili ya slivu, pistoni, beringi na valvu, kununua injini nzima ya mtumba, au kuachana na trekta hilo na kutafuta jingine. Kabla ya kulinganisha tatu za kwanza, jiridhishe na mwili wa trekta. Kama giaboksi inatupa gia, haidroliki hainyanyui plau, na difu inalia, basi ovahauli ya injini ni mwanzo tu wa gharama. Kama hivyo vyote ni vizima na shida ni moshi, kula oili na kukosa nguvu, endelea kusoma.

Tuweke bei za mfano, na kila mtu aziondoe aweke za kwao. Tuseme kulimia ekari moja kwa plau kunalipwa shilingi 60,000. Dizeli lita 7 kwa shilingi 3,000 ni 21,000. Dereva, grisi na oili tuvitengee 9,000. Kinachobaki mkononi mwa mwenye trekta ni 30,000 kwa ekari. Sasa ringi, gasketi na ufundi tuvipe 1,500,000: hizo ni ekari 50. Ovahauli kamili tuipe 4,500,000: hizo ni ekari 150. Ukitazama hapo tu, njia ya ringi inashinda kwa ekari 100 nzima, na ndiyo maana wengi huichagua.

Lakini ringi mpya ndani ya slivu iliyolika haikai. Slivu hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuzia, na hulika upande mmoja kuliko mwingine. Ringi mpya ni duara kamili, slivu si duara tena. Oili itaanza kupanda upya, na injini itafunguliwa tena, pengine msimu unaofuata. Kisha ongeza kile ambacho karatasi ya fundi haikiandiki: siku za kusimama. Trekta linalolima ekari 5 kwa siku, likisimama siku 10 mvua zikiwa zimeshaanza, limepoteza 1,500,000 kwa hesabu yetu ileile. Hiyo ndiyo bei nzima ya kazi ya ringi, imepotea bila kununua hata boliti. Na wateja waliokuwa wanakusubiri wameshakwenda kwa mwingine.

Njia ya ringi pekee ina mahali pake, nami sitaki kuidharau. Pitisha ukucha ndani ya slivu kutoka chini kwenda juu. Ukucha ukikwama kwenye ngazi karibu na mdomo, slivu imekwisha. Usipokwama, na mistari ya kukatizana iliyoachwa na jiwe la kiwandani bado inaonekana, na vipimo vikakubali, basi ringi na gasketi zinatosha na hakuna sababu ya kulipa zaidi.

Injini ya mtumba inavutia kwa sababu inaokoa muda: leo imeshuka kwenye lori, keshokutwa iko kazini. Ila unanunua kitu ambacho tumbo lake hujaliona. Ningeinunua kwa masharti mawili: niisikie ikiunguruma tangu ikiwa baridi, au muuzaji akubali sampu ifunguliwe na kifuniko kimoja cha beringi kishushwe mbele yangu. Akikataa yote mawili, ile bei nafuu ni ya bahati nasibu. Kumbuka pia kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya usajili, kwa hiyo kwa aliye Tanzania mabadiliko lazima yapelekwe TRA, na hati ya mauziano iwepo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningelilipia kabla ya spea yoyote: kipimo. Watu wengi hununua seti nzima dukani, ndipo wanapeleka kranki kwa mchongaji. Matokeo yake beringi zilizonunuliwa hazilingani na kranki iliyochongwa, na muuzaji hapokei mzigo uliofunguliwa. Utaratibu sahihi unaanza karakana ya kuchongea vyuma, na kipimo chenyewe huchukua muda mfupi. Mchongaji anafuta shingo ya kranki kwa kitambaa kisicho na nyuzi, anaishika kwa maikromita, anasoma, anaizungusha robo, anasoma tena, kisha anasogea upande wa pili wa shingo hiyohiyo na kurudia. Shingo za konrodi za injini hii zikiwa mpya zina kipenyo cha milimita 57 hivi. “Mzee, ya kwanza na ya tatu ni nzima. Ya katikati imekuwa yai,” anasema, na hapohapo mwenye trekta anajua nini cha kununua na nini si cha kununua. Malipo ya kazi hiyo ni madogo mno mbele ya seti moja ya beringi.

Beringi za Perkins hii huuzwa saizi ya kawaida, kisha saizi 10, 20 na 30. Hizo ni sehemu za elfu za inchi zilizopunguzwa kwenye kranki: saizi 10 ni robo milimita, saizi 30 ni robo tatu ya milimita. Kama shingo zote bado ziko kwenye kipimo cha kawaida na zina mikwaruzo myembamba, kusuguliwa kwa msasa laini kunatosha. Kama moja imekuwa yai, zote tatu za konrodi huchongwa kwa saizi moja, kwa sababu beringi huuzwa kwa seti; zile nne za kati zinaweza kubaki na saizi yao. Hapa kuna akiba ambayo wengi huichezea bila kujua. Kranki ina ngazi tatu tu za kuchongwa. Mchongaji anayekurukisha moja kwa moja hadi saizi 30 ili kufuta mkwaruzo ambao saizi 10 ingeufuta amekula ngazi mbili za maisha ya kranki yako, na baada ya 30 kinachofuata ni kununua kranki nyingine. Mwambie wazi: aanze na saizi ndogo kabisa inayosafisha shingo, na pembe ya shingo aiache na mviringo wake. Pembe iliyoachwa kali ndipo kranki hukatikia.

Kazi moja haina gharama na huachwa mara nyingi kuliko zote. Ndani ya kranki kuna matundu ya oili, na unga wa chuma wa kuchongea huingia humo. Matundu hayo yaoshwe kwa dizeli safi na brashi nyembamba, kisha yapulizwe kwa upepo wa kompresa, tundu baada ya tundu. Usipofanya hivyo, oili ya dakika ya kwanza itapeleka unga huo kwenye beringi mpya.

Slivu za AD3.152 ni za aina kavu: hazigusani na maji, zimebanwa ndani ya bloku. Dukani utazikuta za namna mbili. Zipo zilizokamilika, ambazo zikishaingia hazichongwi tena, na zipo ambazo hubanwa kwanza ndani ya bloku kisha zikachongwa na kusuguliwa kwa jiwe hadi kipimo cha pistoni. Ya kuchongwa, hata ikiuzwa nafuu dukani, iongezee nauli ya bloku kwenda mjini na kurudi, malipo ya mchongaji, na siku za kungoja foleni. Aliye Arusha au Nakuru, penye karakana nzuri jirani, namshauri achukue ya kuchongwa, kwa sababu kipimo cha mwisho kinapatikana slivu ikiwa tayari imebanwa mahali pake. Aliye mbali, ambaye bloku itasafirishwa kwa pikapiki na basi, achukue iliyokamilika, ila apimiwe tundu la bloku kwanza: slivu iliyokamilika ikiingia kwa kulegea, haipitishi joto vizuri na inaweza kusogea.

Namba kamili ya injini iwe mkononi unapoagiza. Ukoo huu wa injini umetengenezwa kwa miaka mingi, na pistoni za mwanzo zenye ringi 5 si sawa na za baadaye zenye ringi chache zaidi. Zipo pia slivu zilizopakwa kromu. Ukiwa na slivu ya kromu, ringi za kromu haziingii humo. Chuma kigumu kwa kigumu hukwaruzana na vyote viwili huharibika. Seti iliyofungwa pamoja na kiwanda kimoja, slivu, pistoni, pini na ringi, inaondoa wasiwasi huo, na ningeilipia hata kama kukusanya kipande kimoja kimoja kungekuwa rahisi kidogo.

Kabla ringi haijavishwa kwenye pistoni, iingizwe peke yake ndani ya slivu, isukumwe chini kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha pengo kati ya ncha zake lipimwe kwa fila geji. Pengo likiwa dogo kuliko kitabu kinavyosema, ringi ikipata moto ncha zitagongana na itavunjika. Likiwa kubwa mno, kompresheni itavuja siku ya kwanza. Fundi anayepima kila ringi katika kila slivu ni fundi wa kumlipa bila kubishana.

Pampu ya oili ni kitu cha kina, iko ndani ya sampu. Ipimwe, na ikiwa imelika inunuliwe mpya, hata kama bado inapandisha oili. Gasketi ya silinda hedi nayo: tofauti ya bei kati ya nzuri na mbaya ni ndogo, lakini mbaya ikiungua kazi yote ya juu inarudiwa. Silinda hedi yenyewe ipelekwe kupimwa nyufa kwa shinikizo na kunyooshwa uso kabla ya kununua valvu, maana hedi yenye ufa kati ya siti mbili inaweza kukufanya utupe valvu mpya pamoja nayo.

Sehemu ya nyuma ndiyo ningependa kila mwenye trekta aifikirie kwa utulivu. MF 135 haina chesisi kama lori. Injini, klachi, giaboksi na difu vimeungwa kwa boliti na ndivyo vinavyobeba trekta. Kuifikia sili ya nyuma ya kranki ni lazima trekta ligawanywe: nusu ya mbele isimame kwenye jeki na magogo, nusu ya nyuma isogezwe. Kazi hiyo inachosha, inahitaji watu, na kwa trekta lisilozuiwa vizuri ni ya hatari. Sasa injini ikiwa imeshashuka kwa ajili ya ovahauli, kazi hiyo umeshailipia. Kila kilicho nyuma ya injini unakipata kwa bei ya spea pekee.

Kwa hiyo hapa usikate kitu. Sili ya nyuma ibadilishwe, na kwenye injini zenye sili ya kamba fundi aikate na kuikalisha kama kitabu kinavyoelekeza, asiibane kwa kubahatisha. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili ibadilishwe. Ni ya bei ndogo. Sili ya mbele ya giaboksi ibadilishwe. Kisha itazame klachi. Matrekta mengi ya 135 yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama, ukikanyaga hadi chini shafti ya kuendeshea mashine nyuma nayo inasimama. Seti yake ni ghali kuliko klachi ya hatua moja, na ndiyo sababu watu huirudisha iliyochakaa wakisema bado inashika. Ikiwa pleti zimebaki nusu ya unene wake, nunua sasa. Ukiiacha, itakwisha ndani ya maisha ya injini hii mpya, na utaligawanya trekta tena kwa gharama kamili ya ufundi.

Pampu ya dizeli ni hadithi tofauti kidogo. Iko nje, kwa hiyo kwa kanuni yangu inaweza kusubiri. Nozeli nazo zinatoka kwa urahisi, lakini hizo hazisubiri. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza humwaga dizeli juu ya pistoni, na pistoni hutoboka au oili huoshwa kwenye slivu mpya. Kupima nozeli tatu kwenye mashine ya kupimia ni kazi fupi, na mara nyingi ncha tu ndiyo ya kubadilishwa. Kuhusu pampu ya CAV iliyo kwenye injini nyingi za aina hii, kama kabla ya kufunguliwa trekta lilikuwa linawaka vizuri na mlio wake ni sawa, usiiguse. Ikivuja, ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye benchi ya kupimia. Pampu iliyofunguliwa chini ya mti penye vumbi hairudi ilivyokuwa, hata mikono iliyoifungua iwe ya ustadi namna gani.

Vinavyobaki vipite haraka. Stata, alteneta au dainamo, pampu ya maji, rejeta, ekzosti, mita za dashibodi: karabati, nunua mtumba, au subiri mavuno. Vyote hivi vikigoma vitabadilishwa shambani bila kufungua injini. Kati ya vitu vya nje natoa viwili tu visivyosubiri. Cha kwanza ni themostati, ambayo mafundi wengi hupenda kuitupa wakidai inaleta joto. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hulika haraka na hula dizeli zaidi. Themostati nzima inagharimu kidogo, irudishwe. Cha pili ni mpira wa hewa, nami nitaufikia.

Kuhusu maduka, spea za injini hii zipo za ngazi kadhaa: zenye boksi la Perkins, za viwanda vinavyoheshimika vya pistoni na beringi kama Mahle, Kolbenschmidt au Glyco, za Pakistan na India, zikiwemo za viwanda vinavyotengeneza matrekta yenyewe, na zile zisizo na jina. Sioni haja ya boksi la Perkins kwa kila kitu. Pistoni na beringi za kiwanda kinachojulikana zinafanya kazi ileile. Za Pakistan na India nazo si za kukataa kwa sababu ya nchi zilikotoka. Kule injini za ukoo huu zimetengenezwa kwa maelfu. Ninazokataa kwa sehemu za ndani ni zisizo na jina, hata ziwe nusu ya bei.

Boksi peke yake si ushahidi, kwa kuwa hata boksi huigwa. Igeuze beringi utazame mgongo wake: iwe na mhuri wa mtengenezaji na saizi iliyosomeka vizuri. Weka pistoni tatu za seti moja kwenye mizani ya dukani, moja moja. Zilingane uzito karibu kabisa. Pitisha kidole ukingoni mwa slivu, usiwe na chembe za kutupwa kwa udongo. Muuzaji akikwambia, “Mzee wangu, hii orijino kabisa,” mwombe aandike jina la kiwanda na namba ya spea kwenye risiti ya EFD. Anayejiamini ataandika. Aliyeuziwa bandia Tanzania hupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Bila risiti kote huko hakuna pa kuanzia. Piga simu maduka matatu, iwe Gerezani Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga Nairobi, ukitaja namba ileile ya injini na saizi zilezile ulizopimiwa. Bei zitakazorudi zitalinganishika kwelikweli, kwa kuwa kila muuzaji amejibu swali moja.

Malipo ya ufundi yagawanywe kwa hatua badala ya siku. Sehemu ya kwanza ni kufungua, kuosha na kupima. Ya pili ni kufunga chini na juu. Ya tatu nitaieleza mwishoni. Katika makubaliano iingie toki renchi. Boliti za konrodi, za beringi za kati na nati za silinda hedi zina kiwango chake cha kukazwa, kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, na mkono wa mtu hauwezi kukisia kiasi hicho kwenye boliti zote. Kama fundi hana, mkodishie. Gharama yake ya siku moja ni ndogo kuliko gasketi moja. Vivyo hivyo mkatalie silikoni nyingi. Inayozidi huminyika ndani, hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Tapeti zipangwe kwa inchi 0.012 injini ikiwa baridi, au 0.010 ikiwa moto. Ukiwa na fila geji ya milimita ni 0.30 na 0.25.

Sasa ule mpira wa hewa. Vumbi ndilo lililoimaliza injini yako ya kwanza, na litaimaliza hii. Wale walioleta mamia ya matrekta Kongwa mwaka 1947 kwa ajili ya mpango wa karanga waliona mengi yakifa mapema katika ardhi ile kavu na ngumu. Ea klina ya 135 hukamata vumbi kwa oili iliyo kwenye bakuli chini yake, na ikisafishwa inafanya kazi vizuri hadi leo. Lakini mpira unaoiunganisha na injini ukiwa na ufa, hewa yote yenye mchanga hupita pembeni ya chujio na kuingia moja kwa moja kwenye slivu mpya. Mpira mpya na vibano vyake viwili ndiyo spea yenye thamani kubwa kuliko zote kwa bei yake. Nunua siku ileile unayonunua ringi.

Bajeti iwe na oili mara mbili. Injini inachukua lita 7 hivi, na oili ya kwanza haikai muda wote wa kawaida. Humwagwa mapema pamoja na chujio lake kwa sababu imebeba unga wa vyuma vinavyozoeana. Katika saa hizo za mwanzo usiliache trekta likiunguruma bila kazi kutwa nzima kwa kudhani unalitunza. Ringi zinahitaji mzigo wa wastani ili zikae: haro nyepesi au tela lisilojaa, kisha plau baadaye.

Na hapo ndipo iwekwe ile sehemu ya tatu ya malipo. Fundi arudi shambani siku ya kumwaga oili ya kwanza, akague nati za silinda hedi kama kitabu kinavyotaka, apime tapeti upya, atazame kama sili ya nyuma ni kavu, na akate chujio la oili mlifungue pamoja mtazame kilichomo. Mkubaliane hivyo kwa maandishi kabla injini haijashushwa, na pesa ya siku hiyo itengwe kando tangu mwanzo.